Kisumu: Mgongo Wazi na Mafuta ya Injini

Mgeni aingiapo mtaa wa Obunga mjini Kisumu huarifiwa na pua kabla ya macho. Hapo ndipo akina mama wakaangapo mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya mbuta ambaye minofu yake imekwisha kukatwa viwandani ili ipelekwe ng'ambo. Mbuta huyo ndiye sangara wa Mwanza, naye alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Zaidi ya nusu ya uzito wake haifuatani na minofu. Bondo, lile pafu la kuelea, lina wanunuzi wa mbali, tena kwa bei kubwa kuliko nyama yenyewe.

Masalio hayo yana shahamu, na shahamu hiyo yaweza kuendesha injini ya dizeli. Huchemshwa katika maji, mafuta yakaenguliwa, kisha yakapashwa moto mpaka unyevu wote utoke. Lita 100 za mafuta huhitaji takriban lita 20 za methanoli, ambayo ni aina ya spiriti, iliyokwisha kuyeyushiwa kostiki soda ile itumiwayo na watengenezaji wa sabuni. Mchanganyiko huo hukorogwa katika joto la nyuzi 55 hadi 60 kwa muda wa saa moja, ukaachwa utulie. Gliserini, nzito na nyeusi, hushuka chini. Juu hubaki dizeli, nayo huoshwa kwa maji na kukaushwa.

Mambo mawili huiharibu kazi hiyo. La kwanza ni jua: masalio yaliyoshinda juani huchacha, na mafuta yaliyochacha hugeuka sabuni pipani. La pili ni methanoli yenyewe. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, na ndiyo sumu iliyowaua na kuwapofusha wanywaji wengi wa pombe haramu mjini Nairobi mwaka 2000. Si kitu cha kuwekwa jikoni, wala karibu na watoto.

Lakini swali zito liko Obunga, wala si pipani. Kichwa cha mbuta ni kitoweo cha nyumba ambazo haziwezi kununua minofu, na kukaanga ni riziki ya wanawake wengi. Kiwanda kikinunua vichwa hivyo kwa ajili ya mafuta, bei itapanda, na mama mwenye karai moja hatashindana nacho. Hesabu ya haki ingeanzia kwenye vile visivyolika: matumbo yasiyo na bondo, na mafuta meusi yaliyokwisha kukaangia mara nyingi, ambayo kwa kweli hayafai tena kumpikia mtu. Mafuta hayo nayo yana asidi nyingi, kwa hiyo hayana budi kupimwa kwanza na kuongezewa kostiki soda kwa kadiri.

Wala mvuvi asitazamie nafuu kubwa, kwa kuwa mashine nyingi zifungwazo nyuma ya mashua za ziwani hutumia petroli. Watakaofaidika ni wenye vinu vya kusaga mahindi, wenye malori, na viwanda vyenyewe, ambavyo umeme ukatikapo huwasha jenereta za dizeli ili barafu isiyeyuke.