Kadi Yangu ya Benki Mbale, na Dhana Niliyomdhania Kaka



Walimu wetu waliponiomba niandike katika jarida la mwaka huu, nilidhani wanataka nieleze habari za masomo ya chuo kikuu, namna ya kuomba nafasi, vyeti vinavyotakiwa na mengineyo. Nikaanza kuandika hayo. Ustadh mmoja akaniambia niache, niandike kile kisa cha kadi ambacho nilishawahi kukisimulia barazani baada ya darsa. Nilisita, maana katika kisa hicho mwenye kosa ni mimi. Lakini najua wapo kati yenu watakaosafiri kwenda kusoma nje, tena si muda mrefu ujao, kwa hiyo nimekubali.

Wengi mnanifahamu. Nililelewa hapa Shinyanga kwa shangazi, nikasoma madrasa hii jioni na shule mchana, wakati wazazi wangu wako Rwamgasa, wilaya ya Geita. Baba ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Ana hisa katika duara moja pamoja na wenzake, na mama alikuwa akiwapikia wachimbaji wali na maharage. Kaka yangu mkubwa alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Katoro. Mwaka 2013 nilipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kile kilichoanzishwa mwaka 1988 katika mji wa Mbale. Nilipita Biharamulo, Bukoba na Kyaka, nikavuka mpaka Mutukula, kisha Masaka, Kampala, Jinja, hadi Mbale penyewe chini ya mlima Wanale. Mfukoni nilikuwa na kadi ya benki ya nyumbani, mpya kabisa, yenye nembo ya mtandao wa kimataifa. Niliiona kadi ile kama ufunguo wa dunia. Waliponifungulia akaunti waliniambia inafanya kazi kila mahali, nami sikuuliza inafanya kazi kwa bei gani.

Mpango wa nyumbani ulikuwa huu. Kila mwezi baba angempa kaka shilingi laki tatu, kaka angepanda hiace kutoka Katoro hadi Geita mjini, angeziweka katika akaunti yangu, kisha angenitumia ujumbe wa simu. Laki tatu kwa mchimbaji mdogo si jambo dogo. Yako majuma ambayo duara halitoi kitu, na yako majuma ambayo mifuko ya mawe inapatikana lakini ikisagwa haina dhahabu ya kutosha kulipa hata chakula cha vijana walioingia chini. Baba alikuwa akikopa kwa wenzake ili laki tatu itimie.

Mwezi wa kwanza ujumbe ulikuja: "Mdogo wangu, nimeweka laki tatu." Pale Mutukula nilikuwa nimebadilisha fedha kidogo kwa shilingi 160 za Uganda kwa kila shilingi 100 zetu, kwa hiyo nikapiga hesabu: laki tatu ni laki nne na themanini elfu za Uganda. Alhamdulillah. Nikaenda mjini kwenye mashine ya ATM, nikatoa elfu hamsini. Sikutaka kutembea na fedha nyingi mfukoni, nami nilijiona mwenye busara kwa kuchukua kidogo kidogo, noti moja tu ya elfu hamsini kila baada ya siku tatu au nne.

Baada ya kutoa mara ya tatu niliangalia salio. Nilitarajia laki tatu na thelathini elfu. Karatasi iliyotoka iliandika laki mbili na sitini na saba elfu. Nikajua nimekosea hesabu, nikaikunja nikaitia katika daftari. Nikatoa tena, nikaangalia salio tena, likawa limeshuka kuliko nilivyotoa. Mara ya saba mashine ilinipa noti yangu, na mara ya nane ikanijibu kuwa salio halitoshi. Noti saba. Laki tatu na nusu za Uganda, badala ya laki nne na themanini.

Hapo ndipo shetani alipopata nafasi. Nilikaa kitandani bwenini nikageuza hesabu kwa shilingi zetu, nikapata kwamba nilichopokea hakifiki laki mbili na ishirini elfu. Elfu themanini zimekwenda wapi? Kati ya mkono wa baba na mkono wangu alikuwepo mtu mmoja tu, naye ana duka, na nilikwishasikia kuwa duka lile lina madeni.

Mwezi wa pili ikawa vilevile. Mwezi wa tatu nilimpigia baba. Sikumwambia kuwa kaka ni mwizi, neno hilo halikunitoka mdomoni, lakini nilisema: "Baba, laki tatu haifiki. Inafika laki mbili na kidogo. Sijui inapita wapi." Baba alinyamaza kwa muda. Kisha akasema amesikia.

Ndugu zangu, Suratul Hujuraat nimeihifadhi hapahapa, katika chumba kile cha bati upande wa kisima, na makatazo ya dhana mbaya tumeyasoma kwa sherehe yake. Nilikuwa naijua aya, na bado nilipiga simu.

Mwezi wa nne fedha zililetwa benki na jirani wa baba. Mwezi wa tano pia. Kaka hakunitumia ujumbe tena, wala mimi sikumwandikia. Fedha ziliendelea kupungua vilevile, na hilo peke yake lingetosha kunizindua, lakini moyo ukishahukumu hautafuti ushahidi mwingine. Nikasema labda na jirani naye ni walewale.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani. Kabla ya kufika Rwamgasa nilishuka Geita mjini, nikaingia katika tawi la benki na kuomba taarifa ya akaunti, nikiwa na nia ya kuipeleka kwa baba kama ushahidi. Nilipewa kurasa nne. Nilisimama pembeni nikaanza kusoma. Mstari wa kwanza: zimewekwa 300,000. Mwezi wa pili: 300,000. Mwezi wa tatu: 300,000. Hakuna iliyopungua hata senti.

Nilirudi kaunta. Binti aliyekuwa pale alinieleza kwa subira, akionyesha kwa kalamu. Kila nilipotoa elfu hamsini za Uganda kulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza 35,100. Wa pili 7,000. Ule wa pili ni ada ya benki yangu kwa kutumia mashine ya nje ya nchi, na ada hiyo ni ileile utoe elfu hamsini au laki nne. Ule wa kwanza ulikuwa na mambo mawili ndani yake ambayo hayakuandikwa. Mwenye mashine kule Mbale alikuwa akichukua shilingi elfu nne za Uganda. Nikakumbuka kuwa kila mara kabla ya noti kutoka kulikuwa na maandishi kwenye kioo yanayouliza kama nakubali, nami nilibonyeza ndiyo bila kusoma kwa sababu nyuma yangu kuna foleni. La pili ni kiwango cha kubadilishia. Fedha za kadi mara nyingi hazitoki shilingi kwenda shilingi, hupita katika dola, na kila zinapogeuzwa anayezigeuza huacha kidogo kwake. Kwa hesabu yangu nilipata kama 154 kwa kila 100, mahali ambapo Mutukula nilipata 160.

Kwa hiyo noti moja ya elfu hamsini, ambayo mpakani ingenigharimu 31,250, ilikuwa ikinigharimu 42,100. Zidisha mara saba, utapata 294,700. Na kule kuangalia salio mara mbili nilikatwa elfu mbili kila mara. Zikabaki 1,300. Hizi ni hesabu za akaunti yangu mwaka ule, wala si kwamba kila benki hukata hivyo, na ada hubadilika. Lakini umbo lake ndilo hilohilo hadi leo: ada ya benki yako, ada ya mwenye mashine, na tofauti ya kiwango. Mbili za kwanza ukitafuta utaziona. Ya tatu haina mstari wake.

Kilichoniuma zaidi ni ile busara yangu ya kuchukua kidogo kidogo. Kama ningetoa mara moja ningeondoka na zaidi ya laki nne na arobaini elfu za Uganda. Ada isiyobadilika humwelemea anayetoa kidogo, na anayetoa kidogo kwa kawaida ni yule asiyenacho.

Nilitoka pale nikapanda gari la Katoro.

Kaka alikuwa dukani, anafunga cheni ya pikipiki ya mteja. Alinipokea kwa salamu tu, akaendelea na kazi yake. Nilingoja mteja aondoke, nikamwekea zile kurasa nne juu ya meza ya kioo. Hakuzisoma. Aliinama chini ya meza akatoa bahasha ya kaki, akamimina hati za benki tatu, zimegongwa muhuri, kila moja laki tatu. "Nilikuwa nazo tangu mwanzo," alisema. "Baba hakuuliza. Alisema tu, acha, fulani atapeleka." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba baada ya simu yangu baba alimwondoa pia katika kutunza daftari la duara, na wenzake baba wote waliliona hilo na kila mmoja akafasiri kivyake. Katoro ni mji wa biashara. Mtu akisemwa kuwa si mwaminifu, hakopeshwi mzigo.

Nilimwomba msamaha. Alisema amesamehe, lakini aliendelea kupanga hati zile moja juu ya nyingine, na hakunitazama.

Jioni tulikwenda wote wawili Rwamgasa. Nilimweleza baba kama binti yule alivyonieleza, na kwa kweli alielewa upesi kuliko mimi. Kule machimboni makato ndiyo maisha. Mawe yakitoka, kuna mifuko ya mwenye eneo, kuna ya wenye duara, kuna ya vijana. Ukipeleka kusaga, mwenye karasha hubaki na marudio, na ndani ya marudio bado mna dhahabu. Mnunuzi naye ana bei yake. "Kwa hiyo mashine nayo ina mwenye karasha wake," baba alisema. Kisha akaongeza kuwa tofauti ni moja, yeye mwenye karasha anamjua, anakaa naye, anapatana naye kabla mawe hayajamwagwa. Usiku ule alimrudishia kaka daftari la duara mbele ya wenzake. Sikumwona baba akimwomba mtoto wake radhi kwa maneno, lakini alimwambia mama achinje kuku.

Jambo lingine lililonishangaza ni kwamba Mbale ni jirani, na kadi haitambui ujirani. Marehemu babu alikuwa na shilingi ya zamani yenye picha ya simba na milima nyuma yake, na senti kumi zenye tundu katikati. Shilingi ile ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921, na hadi mwaka 1966, nchi zilipoanza kutoa sarafu zao, mtu aliweza kuuza pamba Shinyanga na kununua nguo Mbale kwa fedha ileile bila kukatwa na yeyote. Mwaka 2013 huohuo niliokwenda Mbale, marais walitia saini Kampala itifaki ya sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka 2024 umepita, na sarafu hiyo haipo.

Wenzangu walioko mbali zaidi wana visa vyao. Mmoja aliyefika Uturuki alikutana na mashine inayomuuliza kwa upole kama anataka akatwe kwa shilingi za Tanzania. Akafurahi, akakubali, kumbe hapo mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango. Chagua fedha ya nchi uliyopo. Na waliosoma Khartoum zamani hawakuwa na tatizo la ada hata kidogo, kwa sababu vikwazo vya Marekani vya 1997 hadi 2017 vilifanya kadi za nje zisifanye kazi kabisa huko. Walibeba dola ndani ya mikanda.

Niliporudi Mbale nilimuuliza mwalimu wetu mmoja wa fiqhi kama makato yale ni riba. Alisema ada ya kazi iliyofanywa ni ujira, na fedha niliyotoa ilikuwa yangu, sikukopa. Kadi ya mkopo ni mlango mwingine, na kubadilisha sarafu kwa sarafu kuna masharti yake ya kukabidhiana. Kisha akaniuliza kama nimemaliza deni langu na yule ndugu yangu. Nilikuwa nimemsimulia yote.

Tangu mwezi uliofuata kaka ndiye aliyepeleka fedha, na mimi nilitoa mara moja tu kwa mwezi, tena mchana, nikiwa na mwenzangu mmoja. Akiweka alinitumia kiasi, nami nikitoa nilimjibu kiasi nilichopokea, na namba zote mbili niliziandika katika daftari. Hadi namaliza chuo hatukuacha. Siku hizi fedha zinavuka mpaka kwa simu pia, na ndugu yetu mdogo naye sasa yuko Kampala. Kaka akimtumia chochote, hunipigia mimi baadaye na kuuliza: "Haya, leo nimekula ngapi?"