Nilisema Litang'oka Tu

Ndugu msomaji, je, umepata kumwambia mwanao anayelia kwa maumivu ya jino, "Nyamaza, hilo ni jino la utoto, litang'oka tu"? Mimi nimepata kusema hivyo, na aliyelipa gharama ya maneno hayo si mimi bali ni mwanangu wa kwanza.

Ilikuwa likizo ya Desemba, nyumbani kwa mama yangu, Mtendeli, katika nyanda za juu za Kigoma. Sisi tuliokulia huko tumezoea kupaita Kibondo, ingawa tangu mwaka 2012 pamo katika wilaya ya Kakonko. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 5. Usiku mmoja gego lake la nyuma lilimwuma hata nyumba nzima ikakesha. Mama alitwanga karafuu, akazifunga katika kitambaa safi, akamwekea juu ya jino. Mtoto akapata lepe la usingizi. Kulipokucha nikasema twende tukaling'oe.

"Mwanangu," mama akauliza, "na hilo lingine la kushika mahali pake litakuja lini?"

Nilicheka, nikamjibu kwamba meno ya utoto ni ya kupita tu. Tukaenda katika kituo kimoja cha tiba, nikaomba jino ling'olewe, nalo likang'olewa. Maumivu yakaisha. Nikarejea Dar es Salaam nikijiona mzazi hodari.

Jibu la swali la mama nilikuja kulijua baadaye. Mrithi wa gego lile huota mtoto afikapo miaka 10 hadi 12. Kwa hiyo nilikuwa nimeacha pengo la miaka mitano au zaidi. Mtoto alipofika miaka 6, gego la kwanza la ukubwani liliota nyuma ya pengo, na kwa kuwa halikuwa na wa kulizuia, likasogea mbele. Leo mwanangu ana miaka 11. Picha ya eksirei inaonyesha jino jipya limekwama chini ya ufizi, halina mahali pa kutokea. Itambidi avae waya kwa muda mrefu ili nafasi ile ifunguliwe. Ameniuliza kosa lake lilikuwa nini. Nimemwambia kosa lilikuwa langu.

Mdogo wake alipopatwa na ugonjwa ule ule, sikurudia kosa. Nilimpeleka kwa daktari wa meno, na hapo ndipo nilipoelezwa mambo ambayo kila mzazi angepaswa kuyajua.

Mtoto ana meno 20 ya utoto. Ndani ya kila jino mna kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi hutoboa jino. Tundu likifika kwenye kiini, ndipo usiku hugeuka kilio. Ikiwa ugonjwa umekomea sehemu ya juu ya kiini, daktari hutia ganzi, huondoa sehemu hiyo tu, huweka dawa, kisha huziba jino na mara nyingi hulivika kofia ya chuma. Ikiwa kiini chote kimekufa, husafisha mifereji ya mizizi na kuijaza dawa.

Dawa hiyo si ile wanayowekewa watu wazima. Mizizi ya jino la utoto huyeyuka kidogo kidogo ili kulipisha jino la ukubwani, na dawa nayo sharti iyeyuke pamoja nayo. Mojawapo ya dawa za siku nyingi huchanganywa kwa unga wa zinki na mafuta yatokayo katika karafuu. Niliposikia hayo nilimkumbuka mama na kitambaa chake.

Sisemi kwamba jino lising'olewe kamwe. Lililooza kupita kiasi, au lililokaribia kung'oka lenyewe, huenda likafaa kuondolewa. Lakini uliza kwanza kama laweza kuokolewa; na likiondolewa mapema, uliza juu ya kifaa cha kushikilia nafasi. Na mtoto akivimba shavu na kupata homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Lililo bora zaidi ni kuwahi. Tundu dogo laweza kuzibwa hata pasipo na umeme. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilibuniwa njia ya kuchokoa uozo kwa vyombo vya mkono na kujaza tundu kwa saruji ya meno inayonata. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994. Inafaa Mtendeli kama inavyofaa mjini.

Basi, mzazi mwenzangu, mswakishe mwanao asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, wala usimwachie kazi hiyo peke yake kabla hajafika miaka 7 au 8. Usimlaze na chupa ya maziwa yenye sukari. Na jioni ya leo mwite karibu na taa, afungue kinywa, uyatazame magego yake ya nyuma. Ukiona doa jeusi au tundu, usiseme nililolisema mimi.