Wa Mwisho Naye Ana Mtu Wake

Ukijitambulisha hapa Leeds kwamba umetoka upande wa Eldoret, watu hukutazama miguuni kwanza. Nimeulizwa kazini, kanisani na hata kwa msusi wangu: unamaliza marathoni kwa muda gani? Mimi ni mtu wa Moi's Bridge, mji ulio kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, ambao wazee wengine bado wanauita Hoey's Bridge kwa jina la mlowezi aliyejenga daraja la Mto Nzoia. Kwetu ni mahindi, maghala ya bodi ya nafaka na malori. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia tangu nilipovunjika paja nikiwa darasa la tatu na mfupa ukaunga vibaya. Nimeanza kukimbia nikiwa nimepita miaka arobaini, tena nimeanzia Uingereza; katika nchi ya mbio yenyewe, Kenya, sikuthubutu. Jambo hilo linaniuma, ndiyo maana naandika.

Nyumbani mbio ni kazi. Mtoto akionekana ana kasi shuleni, watu wazima huanza kumpigia hesabu: kambi Iten au Kaptagat, mashindano ya Ulaya, kisha shamba, ng'ombe wa maziwa na nyumba ya mama. Hesabu hiyo ni ya haki na imeziinua familia nyingi. Lakini asiyetarajiwa kushinda hana sababu ya kuonekana barabarani akihema. Nilipokuwa likizo nyumbani, nilitoka alfajiri na viatu vyangu, nikamkuta shangazi langoni niliporudi. "Mwanangu, unakimbizwa na nani?" Aliuliza kwa hofu ya kweli. Kwake, mtu mzima mwenye mguu kama wangu hakimbii ila amepata habari mbaya.

Huku kuna kitu kinachoitwa parkrun. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi watu hukutana bustanini, wanakimbia au kutembea kilomita 5, bila kulipa chochote. Ilianza Oktoba 2, 2004 katika Bushy Park, London, ikiwa na wakimbiaji 13. Mwanzilishi wake, Paul Sinton-Hewitt, alikuwa mkimbiaji aliyeumia, naye alitaka kuendelea kukutana na wenzake hata kama mwili umegoma. Naona asili hiyo ndiyo iliyoipa tabia yake mpaka leo. Kuna mtu wa kujitolea anayevaa kizibao chenye rangi ya kung'aa, na kazi yake yote asubuhi hiyo ni kuwa wa mwisho. Hata ukitembea, hata ukisimama kufunga kamba za viatu, yeye yuko nyuma yako. Kwa hiyo hakuna mgeni anayeweza kumaliza wa mwisho. Nafasi hiyo ina mwenyewe.

Nilipomwona mara ya kwanza, mwanamke wa makamo, nilishindwa kuongea. Tulienda pamoja nusu nzima ya pili, yeye akinisimulia habari za mbwa wake. Hakuniuliza kuhusu mguu.

Mpango wa kuanza kukimbia niliofuata unajulikana sana huku. Mmarekani Josh Clark aliuandika mwaka 1996 akimfikiria mama yake, na huduma ya afya ya Uingereza imeueneza. Ni wa majuma tisa, siku tatu kwa juma. Juma la kwanza unatembea kwa haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, ukirudia hivyo kwa dakika 20. Mimi nilirudia juma la pili na la tatu mara kadhaa na sioni ubaya wowote.

Lakini msinielewe kwamba Uingereza ina yote. Kuhusu kiatu, kwa mfano. Huku nilisubiri miadi kwa miezi, nikapimwa kwa futi ya kitambaa kutoka nyonga mpaka kifundo, nikapewa kisigino cha ndani ambacho kilinichubua. Fundi wa viatu wa sokoni kwetu alifanya tofauti. Aliniambia nitembee mpaka kinu cha kusaga na kurudi, akiwa amechuchumaa ili macho yake yawe usawa wa magoti yangu. Halafu nitembee tena, peku. Alikata kipande cha ndara kuukuu, akakichonga kwa kisu kiwe kinene kisiginoni na kupungua taratibu kuelekea vidoleni, akakiweka ndani ya kiatu changu cha mtumba, akaniambia nikimbie. Akakitoa, akapunguza ukingo wa nje. Alifanya hivyo mpaka nyonga zangu zikaacha kuyumba. Kipande hicho ndicho ninachotumia Leeds mpaka leo.

Na ardhi yetu inamfaa anayeanza. Njia za murram kati ya mashamba ya mahindi zina huruma zaidi kwa magoti kuliko lami ya huku. Hewa ndiyo ngumu: Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ingawa Moi's Bridge iko chini yake, mtu aliyezoea Uingereza hupumua kwa shida siku za kwanza. Dawa yake mabingwa wenyewe wanaijua. Watazame Iten saa kumi na mbili asubuhi wakianza mbio nyepesi: wanaenda polepole kiasi kwamba mtoto wa shule anaweza kuwafuata. Wanaoanza huku Ulaya hutoka kwa kasi na kuumia, nami ningependa waone jambo hilo.

Hadithi tunayowalea nayo watoto wetu, hata hivyo, ni ile ya Kipchoge Keino. Olimpiki ya Mexico, 1968, akiwa mgonjwa wa kibofu cha nyongo, madaktari wakamkataza, akakimbia mita 1,500 na kumshinda Jim Ryun. Ni ushujaa, nami naujivunia. Lakini mwenye mguu mbovu akiambiwa hadithi hiyo tu, anajifunza kwamba ni lazima apuuze maumivu au akae nyumbani. Maumivu ya nyonga yangu ni taarifa ninayoihitaji.

Ningetamani tuwasimulie zaidi habari za Henry Wanyoike wa Kikuyu, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, katika mita 5,000, mwelekezi wake aliishiwa nguvu karibu na mwisho, na ni Wanyoike aliyemhimiza mpaka wakafika na kutwaa dhahabu. Au Nancy Chelangat Koech, aliyeleta medali pekee ya Kenya kwenye Paralimpiki ya Tokyo, shaba ya mita 1,500, akiwa na mwelekezi wake, Geoffrey Rotich, mkononi. Mwelekezi hufungwa kwa kamba fupi na mwenzake, hulinganisha hatua na mikono yake na ya mwenzake, na kanuni inamkataza kutangulia kwenye mstari wa mwisho. Kenya inao watu wenye ujuzi huo wa kukimbia kwa ajili ya mwingine. Tumeuweka kwa ajili ya medali tu, wakati kila mji wetu una mama mwenye pumu, mzee mwenye kisukari na kijana aliyepooza mkono ambao wangetoka nje kama kungekuwa na mtu wa kwenda nao.

Kaunti yetu ya Uasin Gishu imejaa wakimbiaji waliostaafu. Nawaomba Jumamosi moja tu kwa mwezi, saa moja asubuhi, kilomita 2 za murram kwenda na kurudi. Saa isihitajike wala namba kifuani. Kizibao nitakinunua mimi. Desemba nakuja, na wifi yangu amekubali kukivaa siku ya kwanza. Ameuliza tu kama anaweza kuja na mtoto mgongoni. Nimemwambia aje naye.