Jiko la Chorkor la Kubanika Samaki

Leo tunakwenda nchi ya Ghana, Afrika ya Magharibi. Mji wake mkuu ni Accra, nao uko pwani ya bahari ya Atlantiki. Ukitoka katikati ya Accra ukafuata pwani kwenda magharibi, utafika mahali panapoitwa Chorkor. Wenyeji wake ni Waga. Kazi yao ya tangu zamani ni uvuvi.

Wanaume huvua kwa mitumbwi mikubwa iliyopakwa rangi nyingi. Mitumbwi ikifika ufukoni, kazi huwa ya wanawake. Wao ndio wanaonunua samaki, wanaowabanika, na wanaowapeleka sokoni.

Kati ya Julai na Septemba maji baridi hupanda kutoka chini ya bahari. Samaki huwa wengi mno. Hao ni samaki wa jamii ya dagaa, lakini ni wakubwa, urefu wa kiganja au zaidi, nao wana mafuta mengi. Samaki wa namna hiyo wakikaa juani tangu asubuhi, jioni hawafai. Kwa hiyo katika miezi hiyo michache mama wa Chorkor hupata fedha ya mwaka, au huikosa.

Zamani wanawake hao walitumia majiko ya udongo ya mviringo. Wengine walitumia mapipa ya mafuta. Walipanga samaki tabaka juu ya tabaka, na vijiti katikati. Wewe uliyewahi kubanika samaki unaijua taabu yake. Wa chini wanaungua, wa juu bado wabichi. Inakubidi uwageuze kwa mkono, uso ukiwa ndani ya moshi. Vidole vinaungua, macho yanatoka machozi, na samaki wanakatika. Samaki aliyekatika hapati bei ya samaki mzima. Kuni nazo zinakwisha bure, maana joto linapotea hewani. Pipa nalo likiwa pwani huliwa na kutu upesi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Taasisi ya Utafiti wa Chakula ya Ghana ilianza kulishughulikia jambo hili. Ilisaidiwa na FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Wataalamu walifanya kazi pamoja na wanawake wa Chorkor, kwenye majiko yao wenyewe. Jiko lililopatikana likaitwa kwa jina la mahali hapo. Baadaye likaenea nchi nyingi za Afrika.

Ukiliona kwa mara ya kwanza utasema ni sanduku la udongo tu. Ni kweli. Lina urefu wa kama mita 2 na robo, upana wa mita 1 na kidogo, na kimo cha sentimeta 60. Ukuta mmoja hulikata katikati, likawa na vyumba viwili vya moto. Kila chumba kina mlango wake mbele wa kutilia kuni. Siri yake iko katika trei.

Trei ni fremu ya mbao yenye wavu wa waya chini yake. Samaki hupangwa juu ya wavu. Trei hupangwa juu ya jiko, moja juu ya nyingine, hata kufika 15. Zote ni za kipimo kimoja, nazo hukaa sawasawa bila mwanya. Kwa hiyo moshi na joto havina njia ya kutokea pembeni. Lazima vipite kati ya samaki kwenda juu. Trei zenyewe zimekuwa bomba la moshi! Juu kabisa hufunikwa kwa ubao. Trei za chini zikishika joto sana, watu wawili huzishusha zote na kuzipanga upya, za chini zikaenda juu. Hakuna haja ya kutia mkono motoni.

Sasa, ukitaka kulijenga, tengeneza trei kwanza. Fundi mwenye haraka huanza na ukuta, na hapo huharibu kazi. Fremu ya trei lazima ikae katikati ya unene wa ukuta. Ikiingia ndani, mbao zitaungua. Ikitokea nje, joto litatoroka. Udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi unafaa. Ukishamaliza, liache jiko likauke siku kadhaa kabla ya kuwasha moto mkubwa. Nyufa zikitokea, ziba kwa udongo uleule. Udongo hugharimu nguvu zako tu. Mbao na wavu ndivyo vinavyotaka fedha, basi anza na trei chache, uongeze baadaye.

Usiliamini kabla ya kulijaribu. Chukua samaki wa aina moja, uwagawe sawa, nusu jiko la zamani, nusu jiko jipya. Pima kuni za kila jiko kwa mizani, kisha upime zilizobaki. Hesabu samaki waliokatika. Vunja mmoja karibu na mfupa. Nyama ya hapo ikiwa na majimaji, samaki huyo ni wa kula kesho, si wa kuweka akiba. Weka wachache kapuni, uwatazame kila wiki kama wana ukungu au wadudu.

Jiko hili lina kasoro yake. Mafuta ya samaki hudondokea motoni na kufanya moshi mweusi. Moshi huo una vitu vinavyoweza kuleta saratani, nao hushika kwenye samaki. Ndiyo maana nchi za Ulaya huwapima samaki wa moshi kabla ya kuwapokea. Kuanzia mwaka 2008 FAO na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, nchini Senegal, walitafuta dawa ya jambo hilo. Waliongeza sahani ya bati chini ya trei ili kukinga mafuta, na wakatumia makaa badala ya miali ya kuni. Sahani hiyo huweza kuwekwa hata katika jiko la Chorkor la zamani. Ukiiweka, mwaga mafuta kila umalizapo kubanika, maana yakijaa hushika moto.