Bunduki Kwanza Inataka Nyumba

Leo naongea kuhusu bunduki, na nawajua nyinyi: kuna mtu atasoma kichwa tu aanze kusema kijana wa Mikindani ameharibika. Tulia. Sina bunduki, siuzi, na simjui anayeuza. Nilicho nacho ni ndugu aliye nayo kihalali, mikono iliyozoea vyuma, na swali ambalo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ndugu mwenyewe ni mtoto wa mama mkubwa. Alilelewa hapa hapa mtaani, akabahatika kwenda Marekani, leo anaendesha lori Texas. Mwaka jana akanitumia video ya bunduki yake mpya, Ruger 77/357. Ni bunduki fupi ya komeo inayotumia risasi ya bastola. Haifiki mita moja kutoka kitako hadi mdomo wa mtutu, na uzani wake ni kama pakiti ya unga ya kilo mbili na nusu kilo ya sukari juu yake. Kusema ukweli, mara ya kwanza nilidhani ni ya watoto kuchezea.

Kwa wale mnaojua bunduki kupitia PUBG peke yake, komeo ni lile la Kar98k. Ukipiga mara moja, mkono lazima uinue, uvute nyuma, ganda litoke, usukume mbele, ufunge tena. Risasi moja, kazi moja ya mkono. Tofauti ni kwamba Kar98k ilitengenezewa risasi kubwa ya vita, na hii inakula .357 Magnum, risasi ambayo Smith & Wesson waliileta mwaka 1935 pamoja na bastola yake.

Nikamuuliza, sasa mbona uchukue bunduki ndefu halafu uilishe chakula cha bastola? Akanieleza, na kwa kuwa mimi nafanya kazi kwa mashine ya leith huko Changamwe, nikashika mara moja. Mtutu wa bastola ni mfupi, risasi inatoka kabla gesi ya baruti haijamaliza kuisukuma. Kwenye mtutu wa karibu sentimita 47 ile gesi inapata nafasi ya kusukuma zaidi, kwa hivyo risasi inatoka na kasi kubwa. Na kwa sababu bunduki ni nzito kuliko bastola na inakaa begani, teke lake ni dogo. Yeye anaitumia kwa nguruwe mwitu, ambao kule Texas wanafukua mashamba ya watu usiku kucha. Anapiga kutoka mita 50, hazizidi 100.

Wazo lenyewe si geni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Mwingereza mmoja kwa jina William de Lisle alichukua Lee-Enfield, bunduki ile ile ya komeo ambayo askari wa KAR walibeba huku kwetu, akaigeuza itumie risasi ya bastola ya .45. Ikatoka bunduki fupi yenye sauti ndogo ajabu. Zilitengenezwa chache tu, lakini mpaka leo wapenda bunduki wakiitaja wanashusha sauti.

Turudi kwa ndugu yangu. Alianza kuiboresha ile Ruger, na hapo ndipo niliponaswa, kwa sababu mimi kitu chochote kinachoboreshwa lazima nitazame. Kwanza akashughulikia kitako: akaweka mpira wa bega ili urefu ulingane na mkono wake. Pili akaweka darubini ndogo na mkanda wa kubebea. Tatu, komeo lilikuwa linakwaruza, akalipaka mafuta akawa analivuta na kulisukuma kila jioni bila risasi mpaka likalainika lenyewe. Triga hakuigusa. Aliipeleka kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, akasema kuna vyuma vya kujifunzia na kuna vyuma vya kuheshimu. Kabla ya hayo yote, risasi zake tano kwa mita 50 zilitawanyika upana wa kisahani. Sasa zinaingia kwenye mdomo wa kikombe cha kahawa tungu.

Nikamwambia, bro, umemaliza. Akacheka. Akageuza kamera, akanionyesha sanduku la chuma limefungwa kwa bolti kwenye ukuta wa zege, na sanduku lingine dogo, mbali na lile, la risasi. Ana watoto wawili wadogo. Akaniambia lile sanduku lilimla pesa kuliko darubini, na ndilo alilonunua mwanzo, kabla hata ya bunduki yenyewe. "Bunduki kwanza inataka nyumba," akasema. "Ukikosa ya kuilaza, huna bunduki. Una tatizo linalosubiri siku."

Hilo neno limenifuata hadi leo, na nitawaambia kwa nini.

Mathe wangu anauza mboga. Saa kumi alfajiri anatoka kwenda Kongowea kuchukua mali. Mwezi wa tatu, karibu na stage, vijana watatu wenye mapanga walimsimamisha wakachukua simu na pesa za mtaji. Hawakumkata, tunashukuru Mungu. Mmoja wao alimwambia, "Samahani mathe," na kwa ile sauti akamjua. Ni mtoto wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Ana miaka kumi na sita. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Usiku ule mdogo wangu hakulala. Alikaa mlangoni, akaniambia, "Broo, tungekuwa na ile ya Texas, leo tungeheshimiwa." Sikumcheka. Kama mathe wako amewahi kurudi nyumbani akitetemeka, wajua hilo wazo linatoka wapi. Na najua wengi wenu mnaosoma hapa mmewahi kuliwaza, Kisauni, Likoni, Bangladesh, kote. Kwa hivyo sitawapa mahubiri. Nataka tulitazame kama fundi anavyotazama kitu: kinafanyaje kazi, na kitakaa wapi?

Tuanze na sheria. Marekani wana haki ya kumiliki silaha kwenye katiba yao tangu 1791. Katiba yetu ya 2010 haina kitu kama hicho. Hapa bunduki ni ruhusa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka upewe cheti na Bodi ya Leseni za Silaha, ueleze sababu yako, uchunguzwe, na bunduki iandikwe kwa namba yake. Ruhusa hiyo inaweza kurudi ilikotoka: Desemba 2018 waziri wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza wote wenye leseni wakaguliwe upya. Na kuboresha? Kazi ya kutengeneza au kukarabati silaha ni ya aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Zile jioni za ndugu yangu na mafuta yake ni sawa, lakini ukikata, ukitoboa, ukibadilisha chuma nyuma ya nyumba, wewe si fundi tena. Wewe ni kesi.

Najua jibu lenu. "Nani alisema tunaenda kwa bodi? Kuna za kutengenezwa." Haya, tuziongelee, kwa sababu hizo nchi hii inazijua tangu zamani. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, Mau Mau waliingia msituni na bunduki chache mno. Mafundi wao wakaanza kuunda zao kwa bomba la maji, mbao, mpira, na komeo. Komeo la kweli, la mlango. Ile chuma ya kufungia nyumba ndiyo iliyokuwa komeo la bunduki. Ukiziona picha zake utashangaa ule ubunifu, na mimi kama mtu wa vyuma navua kofia. Lakini nyingi zilikuwa hatari kwa aliyeshika kuliko kwa aliyelengwa. Bomba la maji halikutengenezwa kuzuia baruti. Zilipasuka mikononi mwa watu. Ndiyo maana Machi 26, 1953 wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha Naivasha: walitaka silaha za kweli. Wale walikuwa vitani kwa ajili ya ardhi, hawana njia nyingine, na bado hawakuziamini za bomba. Wewe unayetaka kulinda simu ya Infinix utaiamini?

Kuna siku jamaa alikuja karakana yetu na karatasi iliyochorwa. Hakutaja bunduki, alisema ni "kifaa". Fundi wangu, mzee ambaye amesimama kwenye ile leith kabla mimi sijazaliwa, aliitazama kidogo tu akairudisha. Akamwambia, "Mwanangu, mimi hutengeneza vitu ambavyo vikiharibika mwenyewe hurudi kunigombeza. Hiki kikiharibika, hakuna wa kurudi." Jamaa akaondoka bila neno. Mzee akaendelea na pampu yake kama hakuna kilichotokea.

Sasa tufike kwenye nyumba. Wengi wetu hapa mtaani tunaishi nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba sita, choo kimoja nyuma. Kwetu kuta hazifiki juu kabisa. Jirani akikohoa namwambia pole bila kuinuka kitandani. Watoto wa vyumba vyote wanaingia na kutoka kila chumba, ndivyo tulivyolelewa wote, na ni jambo zuri. Mlango wetu una kufuli ya shilingi mia mbili. Niambie basi, katika chumba hicho bunduki inalala wapi? Chini ya godoro analolalia mdogo wako? Juu ya kabati ambako kila mtoto anajua ndiko biskuti hufichwa? Siri ya chumba kimoja hapa inadumu siku mbili, ya tatu wanaijua mpaka watu wa mkokoteni wa maji. Na wale vijana wa mapanga wakijua una bunduki hawatakuogopa. Watakuja kuichukua. Wakati huo utakuwa umelala.

Mnafikiri natia chumvi? Agosti 13, 1997 wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakaondoka na bunduki zaidi ya 40. Hicho kilikuwa kituo, chenye ghala na askari wa zamu. Usiku ule na wiki zilizofuata watu waliuawa, familia nyingi za kutoka bara zikakimbia, na wazee wa Mikindani mpaka leo wana majirani waliokuja wakati ule na mfuko mmoja. Kama ghala la serikali lilishindwa kuzilaza salama, chumba changu cha futi kumi kwa kumi kitaweza?

Halafu kuna jambo ambalo mdogo wangu hakuliwaza mlangoni usiku ule. Tuseme bunduki ipo. Tuseme ni ile fupi, laini, yenye komeo tamu na shabaha ya kikombe cha kahawa. Saa kumi alfajiri, giza, mathe amesimamishwa. Ndugu yangu akikosa nguruwe, risasi inaingia kwenye udongo wa Texas. Mimi nikikosa, nyuma kuna ukuta wa mabati, na nyuma ya mabati mtu amelala na mtoto. Nisipokosa, anayeanguka ni yule kijana wa baiskeli. Kesho yake mamake na mamangu wanachota maji bomba moja.

Sisemi asamehewe tu hivyo. Simu ilirudi baada ya wazee na mamake kumkalisha chini. Pesa hazikurudi, na mathe bado hamsalimii. Sijui kama ataacha. Nachojua ni kwamba tangu siku hiyo wamama wanne wa mboga wanaondoka pamoja kwa tuktuk moja, dereva anawachukua mlangoni, wanachangia nauli. Nyumba tatu za njiani zimeweka taa nje, na bili tunagawana. Si kitu cha kupigia video, lakini imefanya kazi miezi saba sasa, na haihitaji sanduku la chuma.

Na kama wewe ni kama mimi, unapenda ile mashine yenyewe, jinsi komeo linavyofunga na kila kipande kinavyokaa mahali pake, usiaibike. Shika leith. Jifunze kupima kwa vernia mpaka uone tofauti ya unywele. Eldoret kuna kiwanda cha risasi, na Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha silaha ndogo pale Ruiru. Ukiwa na cheti cha ufundi, hiyo ni kazi kama kazi nyingine, ya mchana, yenye payslipu. Na hata usipofika huko, pampu na gia za tuktuk zinataka mikono ile ile.

Mdogo wangu bado anaitazama ile video ya Texas. Simkatazi. Ila sasa kila akiifungua namuuliza swali moja, na nawaulizeni nyinyi pia. Wacha bei, wacha mtutu, wacha darubini. Leo usiku, hiyo bunduki yako italala wapi?