Sungura wa Kichwa Kilichovimba

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi, lakini mpenzi msomaji, maana yake nilifunzwa na uzi.

Likizo ya Desemba iliyopita, kitindamimba wetu, mtoto wa miaka 4, alikuwa alazwe hospitalini siku ya Jumatatu ili apasuliwe. Alitaka kitu kimoja tu: sungura wa kulala naye. Mama hufuma vitambaa vya makochi na kuviuza, kwa hivyo uzi na sindano ya krosheti havikosekani kwetu. Nikapiga moyo konde, nikasema, "Mimi nitamfumia."

Kaka yangu aliangua kicheko. "Mwanamume mzima na krosheti! Wacha mchezo." Nilijitia hamnazo.

Mama alinionyesha. Kichwa huanza na kitanzi chenye mishono 6. Mzunguko wa pili unafuma mara mbili katika kila mshono, unapata 12. Wa tatu 18, wa nne 24, wa tano 30. Nyongeza hizo 6 zinatawanywa sawasawa. Ukifikia upana unaoutaka unaacha kuongeza, na kichwa kinapanda kama chungu.

"Funga uzi wa rangi nyingine pale mzunguko unapoanzia," akaniambia, "na uhesabu." Macho alinikataza nisiweke vifungo, maana mtoto anaweza kuving'oa akavimeza. Yashonwe kwa uzi mweusi.

Kumbe kazi ni hiyo hesabu! Mzunguko wa nne nilipata 22. Nikajiambia, aa, mishono 2 ni nini? Mzunguko uliofuata nikairundika mahali pamoja, nikasonga mbele. Mama alipita, akatazama.

"Fumua."

"Mama, jameni! Nimefika mzunguko wa 14!"

"Haya. Kichwa ni chako."

Jumamosi usiku nilimjaza vitambaa chakavu, nikamshona masikio, nikampeleka kwa mwenyewe. Mtoto alimgeuzageuza, akapapasa kile kinundu.

"Kwani naye ni mgonjwa? Mbona kichwa kimevimba? Atapasuliwa kama mimi?"

Machozi yalimlengalenga. Mimi nami sikuwa na la kusema.

Usiku huohuo nilifumua kila kitu. Uzi wote ulirudi ukawa donge, haukupotea hata kidogo. Nikaanza tena na mishono 6, nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Jumatatu alfajiri sungura alikuwa tayari, kichwa mviringo. Walikwenda pamoja hospitalini na wakarudi pamoja, wazima wa afya.

Yule kaka aliyenicheka? Juzi ameniomba nimfumie mfuko wa simu.

Wanachama wenzangu, mwalimu alipotufundisha kauli ya kutendua, funga na fungua, fuma na fumua, nilidhani ni mambo ya mtihani tu. Siku hizi nikikosea hesabu, hata mshono mmoja, sisubiri kuambiwa. Ninafumua.