Namba ya Maabara Isikuzike Ungali Hai

Leo tuongelee kitu kinachotoa watu roho kabla ya siku zao: kikaratasi cha maabara. Mtu anapewa namba, anasomewa na jirani aliyesoma kidogo, jioni mtaa mzima unajua ana kansa.

Shangazi yangu anaishi kisiwani Bumbire, kule Muleba. Ni mama wa dagaa na sangara, mkono wake haujui kukaa bure. Tumbo likaanza kujaa. Wengine wakasema mimba ya uzeeni, wengine wakasema karogwa na wenzake wa mwaloni. Mwili unakonda, tumbo linakua! Akavuka na boti, akapimwa damu kwenye maabara moja ya bara, akarudi na karatasi: CA-125, 480. Kawaida ni chini ya 35. Aliyempa karatasi alimwambia neno moja tu: "Kansa."

Basi ndugu zangu, wiki haikuisha wanawe wa kiume wakaanza kunong'ona habari za mtumbwi na mashine yake. Mama bado anapumua!

Tukampeleka Bugando, Mwanza. Daktari akanielewesha, nami nawapa kama nilivyomwelewa.

Seli zinazotanda juu ya viungo vyetu, kwa mfano ndani ya tumbo la uzazi, kwenye utando wa tumbo, utando wa mapafu, hata juu ya jicho, zimevaa ute kwa nje. Ute huo unatelezesha na kuzuia vijidudu. Haukai hapo milele. Vimeng'enya vinaukata, vipande vinaachia na kuelea. Kipande kimojawapo ndicho hicho CA-125. Kwa hiyo seli nzima, isiyo na tatizo lolote, nayo inajivua kila siku.

Seli ya kansa nayo inajivua, ila ovyo. Seli nzima zimejipanga, upande wa kutupia taka unajulikana. Kwenye kansa mpangilio umevurugika na seli zimezidi, kwa hiyo vipande vingi vinaingia kwenye damu. Robert Bast na wenzake kule Boston walitangaza mwaka 1981 kwamba wamepata kingamwili inayokishika kipande hicho. Ilikuwa ya 125 katika zile walizokuwa wakizijaribu, ndiyo maana ya jina.

Sasa sikilizeni. Ukipita mwaloni ukakuta magamba, unajua kuna samaki kaparuliwa. Ni sato au ni sangara? Gamba moja moja halikwambii kila kitu. Na CA-125 ni hivyo hivyo. Utando wa tumbo ukiungua kwa ugonjwa wowote, unajivua kupita kiasi. TB inaipandisha namba, uvimbe wa kizazi unaipandisha, mimba changa inaipandisha, hata siku za mwezi!

Daktari akavuta maji ya tumboni, akanyofoa kinyama kidogo kikapimwe. Jibu likaja: TB ya tumbo. Nikamwambia, "Shangazi, si kansa." Akanijibu bila hata kutabasamu, "Mwanangu, kawaambie kwanza hao wanaogawana mtumbwi."

Alimeza dawa miezi 6, bila kulipia hata senti, maana dawa za TB nchini ni bure. Tumbo likanywea, na namba ikashuka yenyewe. Mtumbwi bado wake, na ile mashine siku hizi analala nayo chumbani.

Lakini msije mkasema nimewaambia kansa ni uzushi. Wapo wenye namba kama ile ambao kweli ni kansa ya ovari, na bila kinyama huwezi kuwatofautisha. Tena kuna ubaya wa upande wa pili: kansa hiyo ikiwa changa, karibu nusu ya wanawake namba yao haipandi. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 wasio na dalili, wengine wakipimwa na wengine hapana. Majibu ya mwaka 2021 yakaonyesha kuwapima hakukupunguza vifo vya kansa hiyo. Kipimo kina kazi yake, hasa kwa mgonjwa aliyekwisha kujulikana, kuona kama dawa inafanya kazi. Si cha kununua tu kama soda.

Kwa hiyo mama yangu, dada yangu, tumbo likijaa wiki kadhaa, ukila kidogo unashiba, nyonga zinauma, haja ndogo haiishi, usikae nyumbani ukitafuta mchawi. Vuka ziwa, nenda hospitali yenye daktari wa kukushika tumbo, siyo wa kukupa karatasi tu. Ukipewa namba, uliza: ni nini kingine kinaweza kuipandisha? Na kinyama kitapimwa lini?

Na nyie watoto wa kiume, urithi hausomwi kwenye karatasi ya maabara. Tuonane wiki ijayo.